Barua za siri zimegoma: kompyuta tatu, makosa matatu, ofisi moja. Wataalamu njooni

Mzee_wa_Nyaya

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ndiye fundi wa kompyuta kwenye shirika dogo hapa Arusha. Wafadhili wako Ujerumani, na makubaliano ni kwamba taarifa za wateja wetu hazisafiri wazi kwenye barua pepe. Kwa hiyo tunatumia OpenPGP, mfumo wa kusimba barua kwa ufunguo ili asome mlengwa tu: wengi wako kwenye programu ya barua ya Thunderbird, wawili wanaotumia Linux wanapenda GnuPG (gpg) ya kuandika amri. Imekwenda vizuri muda mrefu. Juzi tumehama jengo, tukabadili na mtoa huduma wa intaneti, tangu hapo ni kilio.

Kompyuta ya kwanza ni Ubuntu. Nikivuta ufunguo wa mshirika mpya:

`gpg: keyserver receive failed: No name`

Ya pili ni Windows yenye Thunderbird. Haitumi, haipokei. Inalalamikia cheti, yaani kitambulisho, cha seva ya barua.

Ya tatu ni Debian. Hata kufungua barua ya zamani haiwezi:

`gpg: can't connect to the agent: IPC connect call failed`

Mtoa huduma nimempigia mpaka vocha imekata, jibu lake ni moja: zima ruta, washa. Na intaneti ipo, kivinjari kinafungua kila kitu, YouTube inacheza bila kukwama. Kuna jamaa kaniambia hawa watu wanazuia barua zilizosimbwa. Kuna ukweli wowote? Natanguliza shukrani.

DogoKompyuta

Mkuu hiyo ya Thunderbird ni ndogo sana. Nenda kwenye mipangilio ya seva, pale pa Connection security chagua None, save. Mimi yangu ilikubali papo hapo.

Bi_Hesabu

Mzee wa Nyaya, hilo la None usiliguse. Ukizima TLS, yaani usimbaji wa njia kati yako na seva, jina lako na paswedi ya barua vinapita uchi kwenye waya, na yeyote mwenye mkono kwenye ruta hiyo anavisoma. Barua moja moja zilizosimbwa zitabaki salama, lakini sanduku lenyewe umeshamkabidhi. Seva nyingi siku hizi zinakataa kuingia namna hiyo, na hilo ni jema.

Kuhusu mtoa huduma kuzuia barua zilizosimbwa: sahau. Barua yako inatoka ndani ya TLS, yeye haoni kama ndani mna PGP au salamu za Idi.

Sasa tuje kwenye yako. Kusimba barua hakuhitaji mtandao hata chembe. Chomoa waya, zima Wi-Fi, andika `gpg -e`, itafunga. Itafungua pia. Kwa hiyo ukiona neno connect au server kwenye kosa, jua usimbaji hauna tatizo. Iliyokatika ni mojawapo ya njia tatu. Kuna njia ya programu ya barua kwenda kwenye seva ya barua. Kuna njia ya GnuPG kwenda kwenye seva ya funguo, ghala la mtandaoni la kutafutia funguo za watu. Na kuna njia ya GnuPG kwenda kwa gpg-agent, ambayo haitoki nje ya mashine kabisa, yule wakala anakaa humo humo ndani na ndiye anayeshika ufunguo wa siri.

Makosa yako matatu yamekaa kwenye njia tatu tofauti. Ukiyatafutia dawa moja utapiga simu kwa mtoa huduma mpaka mwakani.

Naomba vitu vitatu. Mosi, toa kilichomo kwenye faili za `gpg.conf` na `dirmngr.conf` za ile Ubuntu. Pili, maneno kamili ya kosa la cheti kwenye Windows, siyo "inalalamikia". Tatu, kwenye Debian endesha `gpgconf --list-dirs agent-socket` ubandike jibu. Na swali la nyongeza: hicho kivinjari kinachofungua kila kitu, ulikifungulia kwenye kompyuta ipi?

Mtoto_wa_Kariakoo

Nakaa hapa na kahawa yangu. Bi Hesabu akianza kuuliza maswali ujue mtu anaenda kupona.

Mzee_wa_Nyaya

Kivinjari nilikijaribia kwenye laptopu yangu, Bi Hesabu. Hizo tatu sikuzigusa.

Ubuntu, dirmngr.conf haipo. Kwenye gpg.conf kuna mstari mmoja wa maana:

`keyserver hkp://pool.sks-keyservers.net`

Windows, nimefungua Error Console ya Thunderbird:

`MOZILLA_PKIX_ERROR_NOT_YET_VALID_CERTIFICATE`

Debian:

`/media/hifadhi/FLASHI/.gnupg/S.gpg-agent`

Bi_Hesabu

Haya, yote matatu yamejieleza.

Tuanze na Windows kwa sababu ndiyo nyepesi. Angalia kona ya chini kulia. Ni tarehe ngapi?

Mzee_wa_Nyaya

Lahaula. Januari 2015.

Bi_Hesabu

Ndiyo hiyo. Cheti cha seva kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayojiona iko 2015 ikipewa cheti kilichotolewa mwaka huu inasema hakijaanza kutumika, na kwa akili yake iko sahihi. Betri ya saa kwenye ubao mama imekufa, ile ya duara, CR2032. Kwenye jengo la zamani mashine ilikuwa haichomolewi ukutani kwa hiyo hamkujua. Mmehama, imekaa bila umeme, saa ikarudi ilikotoka.

Utasema mbona Windows inajiwekea saa yenyewe kwa mtandao. Inajiwekea, ila mashine isiyo kwenye domeni (mtandao wa ofisi unaosimamiwa na seva kuu) ikipishana na saa sahihi kwa zaidi ya saa 15, huduma yake ya saa inagoma kuruka umbali huo. Weka tarehe kwa mkono kwanza, halafu bonyeza kusawazisha. Nunua betri leo leo, la sivyo umeme ukikatika mtarudi 2015 tena.

Na jambo ambalo watu hawaliangalii: kama kuna barua iliyosainiwa wakati saa iko hivyo, saini yake ina tarehe ya kabla ufunguo haujazaliwa. Mpokeaji ataiona mbovu. Isainiwe upya. Ukiona gpg inakuambia ufunguo umetengenezwa sekunde kadhaa mbele ya wakati, `time warp or clock problem`, ni mgonjwa huyo huyo.

DogoKompyuta

Kwa hiyo kile cheti angekubali tu exception si ingepita?

Bi_Hesabu

Ingepita, mdogo wangu. Na siku ambayo kweli kuna mtu kakaa katikati na cheti cha kughushi, ingepita vilevile, kwa sababu mkono umeshazoea kubonyeza. Kukubali cheti usichokijua kwenye ofisi inayoficha taarifa za watu ni kufuli la mlango wa mbele huku wa uani uko wazi.

Ubuntu sasa. Huo mstari wa `pool.sks-keyservers.net` ni marehemu. Ile ilikuwa anwani moja inayokugawia seva nyingi za kujitolea duniani. Ilizimwa Juni 2021, maombi ya watu kutaka taarifa zao zifutwe kwa sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data yaliwaelemea, na mtambo wenyewe uliundwa usiweze kufuta kitu. Kabla ya hapo, Juni 2019, kuna watu walizijaza funguo za Robert J. Hansen na Daniel Kahn Gillmor, wachangiaji wa siku nyingi wa OpenPGP, saini za takataka makumi ya maelfu, ukiuvuta ufunguo wao GnuPG inakufia mkononi. Kwa hiyo jina la ile anwani halipo tena kwenye DNS, daftari la majina ya mtandao, ndiyo maana ya `No name`. Mtoa huduma wenu mpya hana kosa hapo. Kosa hili lilikuwapo tangu zamani, ila hamkuwa mmevuta ufunguo mpya kwa muda.

Futa huo mstari. Tengeneza `~/.gnupg/dirmngr.conf`, andika:

`keyserver hkps://keys.openpgp.org`

Kisha, na hapa ndipo wengi wanaanguka:

`gpgconf --kill dirmngr`

Tangu GnuPG 2.1, gpg yenyewe haigusi mtandao. Kazi hiyo anaifanya dirmngr, anayekaa nyuma akisubiri. Akishajaribu seva ikashindikana anaiandika kwenye daftari lake kuwa imekufa, na ataendelea kukujibu hivyo hata baada ya wewe kurekebisha kila kitu. Ukimuua ataamka upya na mipangilio mipya. Ukitaka kuliona hilo daftari:

`gpg-connect-agent --dirmngr 'keyserver --hosttable' /bye`

Nyangumi_Mweusi

Mie naongezea kidogo. Kuna tatizo linafanana na hilo lakini ni jingine: ukiona `Certificate expired` kwa seva ambayo kivinjari kinaifungua bila shida, angalia toleo lako kwa `gpg --version`. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mzizi cha zamani kilichotumika na Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya bure vya seva, kiliisha muda. Vivinjari vilipita njia mpya, dirmngr wa zamani aling'ang'ania ya zamani. Ilirekebishwa kwenye 2.2.32. Ofisi nyingi zetu bado zina Ubuntu za kale ambazo hakuna aliyezigusa, msishangae.

Mzee_wa_Nyaya

Windows imepona! Barua zote zimeshuka kwa mkupuo. Betri nimemtuma kijana.

Ubuntu bado. Ile keys.openpgp.org imejibu, lakini:

`gpg: key ...: new key but contains no user ID - skipped`

Nikabadili kwenda `hkp://keyserver.ubuntu.com`, inakaa muda mrefu kisha `Connection timed out`. Sasa hapa mtoa huduma ananyooshewa kidole au bado?

Bi_Hesabu

La kwanza siyo kosa la muunganisho ingawa linafanana nalo. keys.openpgp.org haitoi jina na anwani ya mtu mpaka mwenyewe athibitishe anwani yake kwa kubonyeza kiungo wanachomtumia. Mshirika wako kapandisha ufunguo, hajabonyeza. Unachopata ni ufunguo usio na jina, na GnuPG yako inautupa. Mwambie aingie kwenye barua yake athibitishe, au akutumie faili ya ufunguo moja kwa moja, kisha mlinganishe alama ya kidole ya ufunguo, ule mfuatano wa herufi na namba unaoutambulisha, kwa simu, herufi kwa herufi. Mimi kwa kweli hii ya faili na simu ndiyo naiamini zaidi. Seva ya funguo ni ya kutafutia, haithibitishi kitu.

La pili, hapo ndiyo, kuna mtu wa kunyooshewa kidole. `hkp` bila s inatumia poti 11371. Fayawoli nyingi za ofisi na za ruta zinazogawiwa na watoa huduma huacha 80 na 443 za tovuti tu. Pima:

`nc -zv keyserver.ubuntu.com 11371`

kisha rudia na 443. Ikikubali ya pili ikakataa ya kwanza, hukumu imetoka. Na wala huna haja ya kugombana na mtu, andika `hkps://keyserver.ubuntu.com`, inapita 443 kama tovuti yoyote.

Nyangumi_Mweusi

Na ikigoma zote mbili, kabla hujalaani fayawoli jaribu kuweka `disable-ipv6` kwenye dirmngr.conf. Kuna mitandao inayokupa anwani ya IPv6 ya sura tu, haifiki popote, na dirmngr anaichagua hiyo.

Mzee_wa_Nyaya

Poti 11371 imefungwa, 443 wazi. Nimeweka hkps, ufunguo umeingia. Mungu awabariki.

Mbona lakini Thunderbird ya kompyuta hii hii haiuoni huo ufunguo? gpg inauonyesha, Thunderbird inasema mpokeaji hana ufunguo.

Bi_Hesabu

Kwa sababu hawajuani. Zamani Thunderbird ilitumia kiongezo cha Enigmail kilichokuwa kinaiita GnuPG. Kuanzia toleo la 78, mwaka 2020, OpenPGP imeingizwa ndani ya Thunderbird yenyewe kwa maktaba inayoitwa RNP, na ina sanduku lake la funguo. Mipangilio ya gpg.conf na dirmngr.conf haiihusu hata kidogo. Miongozo mingi utakayoikuta mtandaoni ni ya enzi za Enigmail, inakupoteza muda.

Toa ufunguo kwa `gpg --export --armor`, uuingize kwenye OpenPGP Key Manager ya Thunderbird, halafu uukubali. Kuingiza peke yake hakutoshi, lazima useme unauamini.

Debian sasa. Ile folda ya `.gnupg` iko kwenye flashi. Nani aliiweka huko, na mnaingiaje kwenye akaunti hiyo?

Mzee_wa_Nyaya

Flashi ni agizo la mkurugenzi, jioni inaingia kabatini. Mwanzo dada aliyekuwa na hiyo kompyuta aliingia moja kwa moja na akaunti yake. Tulivyohama mashine ikawa ya watu wawili, kwa hiyo anafungua ya mwenzake kisha kwenye terminali anaandika `su - hifadhi`.

Bi_Hesabu

Umejijibu. gpg na gpg-agent wanazungumza kupitia soketi, faili maalumu isiyo na maandishi. Mtu akiingia kwa njia ya kawaida, mfumo unamtengenezea folda yake `/run/user/` na namba yake, soketi inakaa humo, hata kama funguo ziko kwenye flashi. Akiingia kwa `su`, folda hiyo haitengenezwi. GnuPG inarudi kuweka soketi kwenye `.gnupg` yenyewe. Na flashi yenu bila shaka imeumbizwa kwa FAT32 au exFAT, mipangilio ya faili ambayo haijui soketi ni kitu gani. Wakala anashindwa kuizaa, gpg anabisha hodi mlango usiokuwepo.

Kwa hiyo dada aingie kwa akaunti yake kamili. Hilo linamaliza. Ila kwa kuwa flashi inaibika, mimi ningeiumbiza upya kwa LUKS, inayosimba flashi nzima, na ext4, mpangilio wa faili wa Linux, ndani yake, baada ya kunakili funguo mahali salama. FAT32 haina hata ruhusa za faili, kila mwenye kuichomeka anaona kila kitu.

Kama hamna budi kutumia `su`, iko njia ya kuandika faili ya kawaida yenye jina hilo hilo `S.gpg-agent` kwenye flashi, ndani mistari miwili:

`%Assuan%`
`socket=/home/hifadhi/.soketi/S.gpg-agent`

GnuPG ikiikuta inafuata anwani hiyo. Inafanya kazi, ila ukiondoka wewe hapo ofisini hakuna atakayeelewa kwa nini. Hiyo anwani ya soketi pia isiwe ndefu kupita kiasi, kikomo cha Linux ni herufi 108.

Wanjiku_wa_Habari

Wadau, samahani kuingilia, niko Nairobi na mimi ni mwandishi wa kujitegemea. Yangu inafanana na ya Ubuntu lakini inakuja na kuondoka. Asubuhi navuta funguo sawa, mchana inakataa, `Connection refused`. Sijabadilisha kitu. Mtandao ni ule ule.

Bi_Hesabu

Dada Wanjiku, unatumia Tor Browser, kile kivinjari kinachopitia mtandao wa Tor kuficha unakotoka?

Wanjiku_wa_Habari

Ndio, asubuhi nikisoma vitu fulani. Nikimaliza nafunga.

Bi_Hesabu

dirmngr anapoamka anachungulia kama Tor iko hewani, poti 9050 au 9150 ambayo ndiyo ya Tor Browser. Akiikuta, anaingia hali ya Tor na kila kitu anakipitisha huko. Wewe ukifunga Tor Browser yeye hajui, anaendelea kubisha poti ambayo haina mtu. Ukimuua kwa ile amri ya `gpgconf --kill dirmngr` ataamka akiwa wa kawaida.

Kama hutaki haya yajirudie, weka `no-use-tor` kwenye dirmngr.conf. Lakini kwa kazi yako fikiri kabla. Anayetazama mtandao wako ataona unazungumza na seva ya funguo, na mwenye seva ataona ni anwani gani imeuliza ufunguo wa nani. Kwa mwandishi anayetafuta chanzo chake, hiyo yenyewe ni habari. Mimi ningeweka `use-tor` na kuiacha huduma ya Tor ikiwa imewashwa muda wote.

Wanjiku_wa_Habari

Hiyo ya mwisho sikuwa nimeifikiria kabisa. Asante sana, naweka use-tor.

DogoKompyuta

Si atumie VPN tu? Zote hizi zinapita.

Nyangumi_Mweusi

VPN ingepitisha ile ya poti 11371, basi. Saa ya 2015 ingebaki 2015, hata VPN yenyewe huenda ingegomea cheti. Soketi kwenye flashi haijui VPN ni nini.

Kijana_wa_Unguja

Assalam aleikum. Mimi natumia Proton Mail Bridge, programu ya kuunganisha barua za Proton na Thunderbird, inaniambia paswedi si sahihi, na nina uhakika ni sahihi, kwenye tovuti inaingia.

Nyangumi_Mweusi

Waaleikum salaam. Paswedi ya tovuti haitumiki hapo. Fungua Bridge yenyewe, ndani kuna paswedi nyingine iliyoitengeneza kwa ajili ya Thunderbird, nakili hiyo. Seva ni 127.0.0.1, poti ya IMAP (kupokea) 1143, ya SMTP (kutuma) 1025 kama hujazibadili. Na Bridge iwe imewashwa, ukiifunga Thunderbird inakuwa inaongea na ukuta. Cheti itakachokuonyesha mara ya kwanza ni cha Bridge yenyewe kwenye mashine yako, hicho unaweza kukikubali, maana hakitoki nje.

Mtoto_wa_Kariakoo

Na wale wa Gmail je? Kuna mzee hapa kwetu Thunderbird yake inamkatalia paswedi kila siku.

Nyangumi_Mweusi

Google waliacha kupokea paswedi tupu kutoka programu za namna hiyo tangu 30 Mei 2022. Kwenye mipangilio ya seva abadili njia ya kuingia iwe OAuth2, yaani kuingia kupitia dirisha la Google lenyewe, kwa kupokea na kwa kutuma, zote mbili. Na asiwe amezuia vidakuzi ndani ya Thunderbird, dirisha la kuingilia litafunguka na kujifunga bila kusema neno.

Mzee_wa_Nyaya

Mrejesho wakuu. Betri imewekwa, nimechomoa waya wa umeme makusudi, saa haijasogea. Dada kaingia kwa akaunti yake kamili, barua za zamani zimefunguka zote. Flashi nitaiumbiza Jumamosi watu wakiwa hawapo, nakala ya funguo nimeshaitoa na cheti cha kubatilisha, cha kutangaza ufunguo hautumiki tena, nimekichapisha kwenye karatasi.

Mshirika wa Ujerumani kathibitisha anwani yake, tumesomeana alama ya kidole kwenye simu. Ya kwake ilikuwa inatofautiana na niliyoivuta kule keyserver.ubuntu.com. Kumbe ule ulikuwa ufunguo wake wa zamani, ameshauacha.

Bi_Hesabu

Basi ule wa zamani ufute kwenye Ubuntu kwa `gpg --delete-keys`, na kwenye Thunderbird pia, kule kwenye Key Manager, kila mashine uliyouingiza. Ukibaki mahali, kuna siku mtu atamfungia barua kwa ufunguo ambao mwenyewe hana tena, na kosa atakalowaletea halitakuwa na neno connection ndani yake.